Vichwa Vilikaa Kwangu

Miili ilitengenezwa kwake, vichwa vilikaa kwangu. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, na kwa muda mrefu niliyaona ni kichekesho tu, jambo la kuwasimulia watu wakacheka. Siku hizi silisimulii tena kwa namna hiyo.

Nianze na mimi mwenyewe ili nieleweke. Ni mwanamke wa makamo, nina duka la steshenari mjini Tabora: natoa kopi, nauza madaftari, navitia vyeti vya watu plastiki visichakae. Nilizaliwa kijijini, katika familia ya Wanyamwezi Wamoraviani wa jembe na tumbaku, na sasa naishi Isevya. Na ninacheza vita vya mezani. Nalisema moja kwa moja kwa sababu nimechoka kuulizwa mara mbili. Ni mchezo. Watu wanakaa kuizunguka meza, kila mmoja na jeshi lake la vijisanamu, vingi havizidi kidole gumba, wanarusha dadu, wanapima hatua kwa rula, wanauana kwa adabu. Kuna mashujaa wenye panga, kuna wachawi, majitu na majoka. Nilifundishwa mchezo huu Dar es Salaam nilipokuwa chuoni. Wenzangu waliondoka pale na wachumba, mimi nikaondoka na jeshi. Hapa Tabora tuko wanne tu: mimi, mwalimu mmoja wa fizikia, karani wa stesheni ya reli, na dereva wa bajaji ambaye hutushinda sote na hana haya nalo.

Vijisanamu hivyo haviji vizima. Vinakuja vipande vipande ndani ya mfuko, vya resini, aina ya plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda. Mkono peke yake, mguu peke yake, upanga, kichwa. Kuviunga ni kazi yako mwenyewe. Unaviosha kwa sabuni kwanza, kwa sababu vinatoka kwenye kalibu vikiwa na mafuta, na gundi haishiki penye mafuta. Unavikata kwenye vijiti vilivyovishikilia, unavipiga msasa, vikubwa unavitoboa na kuvitia waya ndani, ndipo unaweka supaglu. Mimi kupaka rangi naweza, hata mboni ya jicho. Kuunga ndiko kulikonishinda. Niliwahi kuingia dukani nikiwa na mguu wa joka umenasa kwenye kidole changu cha shahada, na mteja akaniuliza kama ni dawa.

Siku hiyo hiyo, jioni nikirudi, nilisimama kwa fundi saa.

Kibanda chake kilikuwa mtaani kwetu, mbele ya nyumba yake. Alikuwa mzee wa mjini hasa, Mwislamu, ukoo wa Kimanyema uliokaa Tabora tangu enzi za misafara, na ufundi aliurithi kwa baba yake. Simu za mkononi zilikuwa zimemmalizia kazi. Alibaki kubadilisha betri, kukata mikanda, na kusikiliza redio. Nilimpitia kila siku kwa salamu tu, na sikuwahi kuwa na saa ya kumpelekea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Leo saa imesimama?"

"Sina saa, mzee. Naomba uniazime kibanio."

"Kibanio hakiazimwi. Leta hicho unachotaka kukibana."

Nikampa. Alichomeka lenzi yake jichoni, akakigeuza kile kipande kwenye mwanga.

"Huu ni mguu."

"Ni mguu wa joka, mzee."

"Joka lina miguu?"

"Hili linayo."

"Basi hilo si joka, ni kenge." Akaurudisha mguu mezani, akanyoosha mkono. "Leta kenge mwenyewe."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kesho yake nilimpelekea mfuko mzima, na alipoumwaga kwenye kitambaa chake cheusi niliona uso wake ukibadilika. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba alifurahi. Alikuwa amekaa miaka bila kuletewa kitu kidogo chenye maungo mengi. Alichukua tupa yake nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti, akaanza kusafisha kiwiko cha shujaa mmoja kama kwamba shujaa alikuwa amelazwa na anasubiriwa na jamaa zake nje.

Aliunga miguu, akaunga mikono, akaunga upanga. Kisha kibanio kikagusa kichwa, akasimama.

"Hiki sitakiunga."

Nikadhani ni kidogo mno. Akatikisa kichwa chake yeye. Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto kwenye chuo cha Kurani, walimu wake walimfundisha kwamba sanamu ni kichwa. Kiwiliwili kisicho na kichwa ni kitu tu, kama kisiki, kama mguu wa meza. Unaweza kukitengeneza na ukalala usingizi. Ukikitia kichwa umefanya jambo jingine, na jambo hilo hakutaka alifanye kwa mikono yake wala likae nyumbani mwake.

"Sikukatazi wewe," alisema. "Wewe na kanisa lako mtajuana. Mimi nitakufanyia mpaka shingoni."

Basi akachukua kasha tupu la kiberiti, akavikusanya vichwa kwa kibanio huku ameangalia pembeni, akalifunga na kunikabidhi. "Chukua watu wako." Na tangu siku hiyo hakuna kichwa kilichokaa kwenye kibanda kile zaidi ya dakika za kukitoa mfukoni. Nilipeleka vipande, nilirudi na miili upande huu na kasha la kiberiti upande ule. Nyumbani nilibandika vichwa, nikapaka rangi, nikavisimamisha kabatini.

Akaweka na sheria nyingine: habari za vichwa ziishie mlangoni. Siku za mwanzo nilijisahau, nikamwambia, "Mzee, yule wa shoka ana ndevu, utacheka." Akaongeza sauti ya redio. Nikaelewa.

Kuna siku kasha lilinidondoka sokoni, likafunguka, na muuza nyanya akainama kunisaidia. Alipoona vichwa vidogo vya watu vimetapakaa vumbini, alinyanyuka polepole, akaniambia nyanya zimekwisha. Zilikuwa mbele yake zimejaa beseni. Nilipomsimulia mzee alicheka mpaka mke wake akatoka ndani na birika la chai kuangalia kuna nini. Mke wake alikuwa mama mnyamavu, mwenye macho yanayoona kila kitu, na ndiye aliyeniambia jambo ambalo mzee hakutaka kunieleza.

Macho ya mzee yalikuwa yanakwenda.

Walikuwa wameshafika hospitali ya Kitete. Ni presha ya macho, waliambiwa. Kuna dawa ya matone ya kuchelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilipomgusia mwenyewe, alijibu kama anayeeleza saa ya mteja. Alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye upenyo wa mlango, na kila mwezi kuna mtu anausogeza mlango. "Saa ikifa springi unatafuta spea," alisema. "Hii haina spea."

Kisha akaniambia neno ambalo sikulitarajia. Alitaka awaone. Wote, wakiwa na vichwa vyao, mara moja tu, kabla mlango haujafungwa.

Nikarukia hapo hapo. "Twende sasa hivi, mzee. Wako kabatini."

"Kabatini hapana." Alikuwa ameshalipima jambo hili kwa upande wake, nadhani kwa siku nyingi. "Kabatini wamesimamishwa wanatazamwa. Hizo ni sanamu, na mimi sendi kutazama sanamu. Lakini mezani, mnarusha dadu, mnawasogeza, mnauana, hizo ni kete. Kete ya bao hata ukiichonga pua ni kete. Tumalize jeshi zima, waingie vitani, nije niwaone wakiwa kete."

"Nikuletee mmoja tu, mzee. Nitamsogeza mkononi, atakuwa kete."

"Binti, usinitafutie njia za panya."

Nilijua kwamba hapo ndipo mambo yote yalipo: jeshi liishe kabla ya macho yake. Nilipiga simu Dar kwa mtu anayeniagizia, nikamsihi, nikamkaripia. Vilivyobaki vilikuwa viwili tu vya maana, yule joka wa siku ya kwanza, ambaye mabawa yake yalikuwa hayajafika, na kingine ambacho sikukithamini hata kidogo. Kilikuwa mpagazi.

Katika kila jeshi la aina ile kuna mmoja wa kubeba mizigo. Hana silaha. Anafuata nyuma, na kazi yake yote mchezoni ni kutokufa. Wa kwangu alikuja na basi, chini ya shehena ya mtu mwingine, na furushi lake lilifika limepondeka. Nilitaka kumtupa.

"Mlete," mzee alisema.

Alimweka kwenye kitambaa cheusi, mwili ulioegemea mbele kidogo, mguu mmoja ukitangulia, mabega wazi, shingo imekatwa. Akamtazama kwa lenzi muda mrefu, akigeuza kichwa chake huku na huku kumtafuta kwenye ule upenyo uliobaki. Kisha akanisimulia habari za babu wa babu yake. Alitoka Manyema, akavuka ziwa, akaishika njia kutoka Ujiji na pembe ya ndovu begani. Alipofika Tabora akaitua, na hakubeba tena. Kwao, habari hiyo ilisimuliwa kwa namna moja tu, na mzee aliisimulia kwa namna hiyo hiyo: kwamba siku ya kuingia mjini babu yule aliingia kichwa juu, anaimba, mpaka watu waliosimama kando ya njia wakadhani amebeba pamba.

Nikamtania. "Mzee, wa kwetu walibeba mpaka pwani wakarudi. Wa kwenu walifika nusu ya njia wakachoka."

"Hawakuchoka. Waliwaona mabinti wa Kinyamwezi."

"Wakatua mizigo?"

"Wakatua na akili."

Aliamua kumtengenezea mpagazi mzigo mpya, na mzigo ule ndio uliokuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Alichonga pembe mbili kutoka kwenye mpini wa mswaki, akazipinda kwa maji ya moto. Alikata kipande cha kaniki ya mke wake, akakilowesha gundi, akafunga furushi lenye mikunjo ya kweli. Kitufe cha kuvutia mishale ya saa kikawa sufuria. Ukili mwembamba akauviringisha ukawa mkeka. Kila jioni nilipopita nilikuta kimeongezeka kitu. Kibuyu. Kamba. Kengele ndogo iliyokuwa ndani ya saa ya mezani ya mtu aliyekwisha kufa.

"Atamudu?" aliniuliza siku moja, na mkononi ameshika kijigurudumu cha shaba, hajui akiweke wapi.

"Ongeza tu, mzee. Anaweza."

Hilo nililisema mimi. Nililisema nikicheka, na nilikuwa na chai yake mkononi.

Na kichwa cha mpagazi kilikuwa kwangu. Nilikuwa nimekwisha kukitoa kwenye kasha, nikakitazama. Kidevu kimegusa kifua. Macho yanaangalia chini, kwenye miguu yake mwenyewe, mdomo umefumbwa kama wa mtu anayehesabu hatua ili asianguke. Aliyekichonga, popote alipo huko duniani, alichonga mtu aliyechoka. Nilikiona, na ilinipitia akilini kwamba mzee anaunga mwili wa mtu mwingine, mtu anayeimba. Lakini habari za vichwa ziliishia mlangoni. Ndiyo sheria, na nilikuwa nimezoea kuifuata hata bila kuifikiri. Isitoshe alikuwa na furaha. Nani angekwenda kumwambia mzee mwenye furaha ile, tena anayepofuka, kwamba mtu wake ameinama? Nilifikiri ataona mwenyewe siku ikifika, na atacheka.

Mpagazi akaisha. Akatia waya kutoka mzigoni mpaka mgongoni, akajaza gundi, akafunika kiungo kwa puti, akapiga msasa mpaka usingejua wapi mtu anaishia na wapi mzigo unaanza. "Huu hautoki," alisema. Alijivunia hilo.

Akabaki joka, na joka ndiye aliyetumalizia wakati.

Mabawa yake yaliungwa, na baina ya bawa la kushoto na ubavu kukabaki pengo. Ni pengo la kupitisha unywele. Mimi sikuliona mpaka aliponishikisha kidole. Nikamwambia nitaliziba kwa puti na rangi, hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua."

"Mzee, tukiendelea hivi hatutamaliza."

"Tukimaliza vibaya nije nione nini?"

Nilikasirika. Nakumbuka niliinuka nikaenda zangu bila kuaga vizuri, jambo ambalo si la kwetu. Kesho yake nikarudi na suluhisho nililolisoma kwenye simu: supaglu ikipigwa baridi kali inakuwa dhaifu kama biskuti, unakivunja kiungo kwa mkono na kipande hakiumii. Mzee alilipenda jambo hilo. Tukamweka joka ndani ya friza ya duka la jirani, katikati ya soda na barafu za watoto. Mteja aliyefungua kutafuta soda akakutana na mnyama mwenye mabawa asiye na kichwa, na jirani akatuambia tusirudie tena kumfukuzia wateja.

Tulipomtoa, bawa la kushoto lilitoka kwa kuguswa tu. La kulia nalo likatoka. Kisha mkia. Kisha miguu, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukabaki na kiwiliwili mfano wa kiazi.

"Baridi haichagui kiungo," mzee alisema.

Akaanza upya. Mfungo ukaingia, akawa anafanya kazi asubuhi tu. Mvua zikaja na mwanga kibandani ukawa mdogo. Nilianza kuona mambo. Lenzi aliiweka jichoni kwa mazoea, lakini kazi aliifanya kwa ncha ya kidole, akipapasa kiungo, akikisikiliza karibu na sikio kama saa. Gundi ikawa inaanguka kando. Mke wake alikuwa akikaa mlangoni na kushona, nami nilijua hakuwa anashona chochote. Nilitamani kusema, mzee, acha pengo, njoo Jumamosi hii. Nilisema, si mara moja. Alinijibu kila mara kwamba bado kidogo, na bado kidogo yake ilikuwa ya kweli: bawa lilikaa, mkia ukakaa, pengo likaisha. Ilikuwa kazi safi. Sijaona hata picha ya joka lililoungwa vizuri vile.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri. Tuliweka meza sebuleni kwangu. Meza yenyewe ni mlango wa zamani juu ya masanduku, tumeupaka rangi ya udongo wetu na kupanda vichaka vya nyuzi za katani. Jeshi zima lilikuwa limesimama pale, na jua la dirishani liliwaangukia vizuri mpaka karani wa stesheni, ambaye hasifu kitu, akasema yangekuwa mapenzi yake tusicheze, tuwaangalie tu.

Mzee aliingia na kanzu nyeupe na kofia yake ya kiua, mke wake amemshika kiwiko. Wenzangu wote waliinuka, shikamoo mzee, shikamoo mama. Tukamkalisha mahali pazuri kuliko pote, kitini kwangu. Dereva wa bajaji akarusha dadu na kumsogeza mtu mmoja hatua moja, kwa makusudi, ili mchezo uhesabike umeanza.

"Sasa ni kete, mzee," alisema.

Mzee akatoa lenzi mfukoni, akaichomeka jichoni, akainama. Alikaa hivyo. Akaitoa, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akairudisha. Akageuza uso kidogo upande wa kushoto, kisha wa kulia.

"Hamjawasha taa?" aliuliza.

Jua lilikuwa limejaa meza nzima. Nilimtazama mke wake, naye akaangalia sakafu.

"Umeme umekatika, mzee," nikasema.

"Na jua nalo limekatika?"

Alicheka mwenyewe, kicheko kifupi, akaiweka lenzi mezani taratibu. Mwalimu wa fizikia akatoka nje akajifanya anapokea simu. Miezi yote ile tulikuwa tunakimbizana na mlango ule, na ulikuwa umeshafungwa, na yeye alijua kabla ya kuvaa ile kanzu. Alikuja hivyo hivyo.

"Basi nipeni mkononi," alisema.

Nikampa mmoja mmoja. Aliwatambua wote. Kidole kilipita juu ya goti au kiwiko na akasema, huyu wa shoka, alinisumbua kifundo, huyu mchawi, waya wake niliukata kwenye klipu, huyu kenge. Aligusa ubavu wa kushoto wa joka, akarudia, akaridhika. Lakini niliona jambo: kidole kilipanda kila mwili mpaka shingoni, hapo kikageuka. Hakupita. Hata kipofu, hata akiwa kwenye kete, mkono wake ulikuwa umezoea kuishia pale.

"Mpagazi wangu yuko wapi?"

Nikamweka kwenye kiganja chake. Alianza na mzigo. Pembe ya kwanza, ya pili. Kaniki. Sufuria, mkeka, kibuyu. Akaitikisa kengele kwa ukucha, na kwa kuwa sote tulikuwa kimya tuliisikia. Alikuwa anatabasamu. Kidole kikashuka begani, kikafika shingoni, kikasita, kisha kikapanda.

Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapanda tena.

"Kichwa kimeinama," alisema.

"Kimeinama, mzee."

"Umekibandika vibaya?"

"Hapana, mzee. Ndivyo kilivyochongwa. Anaangalia miguu yake."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Kilipokuwa kwako kwenye kiberiti."

"Ndiyo, mzee."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, maana ningeweza kujitetea: sheria ilikuwa yako, mzee, wewe ndiye uliyeongeza sauti ya redio. Alikaa na yule mtu kiganjani, kidole gumba kikipita kwenye kisogo chake taratibu, kama unavyompitishia mtoto mwenye homa.

"Ningejua ameinama," alisema, "ningempunguzia mzigo."

Tulicheza, kwa sababu alituomba tucheze. Dereva wa bajaji alishindwa kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na sidhani kama alijaribu kushinda. Mzee alikaa mpaka karibu na magharibi akisikiliza dadu, na alipoinuka kwenda kuswali alinishika mkono mlangoni akaniambia maneno mawili. "Umtue, binti."

Nilimwitikia. Nilikuwa sijafikiri bado.

Nilijaribu kwa wembe nikakutana na waya. Nilijaribu kwa msumeno mdogo, nikaona nitamkata bega. Kiungo kile alikifunga yeye, wakati mkono wake ulikuwa bado na macho, na alikifunga kisitoke. Imebaki friza. Nikimtia barafuni mzigo utaachia, nina hakika, lakini shingo nayo itaachia, na mikono, na magoti, na sitabaki na mpagazi aliyepumzika, nitabaki na vipande kwenye kitambaa, na fundi wa kuviunga haoni tena. Mara nyingine namchukua mpaka kwa jirani, nafungua mlango wa friza, naufunga.

Najuta. Watu huniambia sikukosea, na huenda kweli. Majuto yangu hayasubiri kosa. Nilikuwa na kichwa, yeye alikuwa na mwili, na tulikutana kila jioni tukanywa chai. Neno moja lingetosha. Hata lisingekuwa habari ya kichwa. Ningeweza kusema, mzee, mzigo umetosha. Badala yake nilisema ongeza tu.

Siku hizi kibanda kimefungwa. Mzee anakaa barazani kwake asubuhi, redio pembeni, na mimi napita kwenda kufungua duka. Ananijua kwa viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umemtua?"

"Bado, mzee."

Anatikisa kichwa kidogo, kwa upole, kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa.

"Mwambie avumilie."

Na jioni nikirudi, kabla sijavua viatu, naenda kabatini namwambia.